Timu Ileile, Mpira Tofauti: Kwa Nini Timu ya Kikapu ya Chuo Kikuu Hubadilika Kila Baada ya Miaka Michache

Wapenzi wengi wa mpira wa kikapu wanaozungumza Kiswahili waliifahamu timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, kwa kifupi UConn, kupitia kwa mtu mmoja: Hasheem Thabeet. Kuanzia 2006 hadi 2009 kijana huyo wa Kitanzania, mwenye urefu wa meta 2.21, alisimama chini ya kikapu cha timu hiyo kama bawabu, na wapinzani waliothubutu kuingia ndani waliuona mpira wao ukipigwa kofi hewani. Katika msimu wake wa mwisho alizuia wastani wa mitupo 4.2 kwa kila mchezo. Mwezi Juni 2009 akachaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu za ligi ya kulipwa ya Marekani huchagua wachezaji wapya.

Baada ya hapo wengi waliacha kuifuatilia. Waliporudi na kuikuta UConn ikitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2023, na tena 2024, walikutana na kitu kingine kabisa. Wachezaji hawatulii mahali pamoja. Mmoja anapita nyuma ya mwenzake, anajifanya anakwenda kushoto, anatokea kulia, na mpira unamfikia akiwa peke yake. Senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, bado yupo, ila mara nyingi unamwona mbali na kikapu akiwafungulia wenzake njia. Swali likaanza kuzunguka kwenye mazungumzo ya mashabiki, na mpaka sasa halijatulia: timu inabadilikaje kiasi hicho? Ni kocha tu anaamua? Na akiamua, ina maana mchezo wa zamani ulikuwa mbovu?

Majibu yanayotolewa huwa mepesi mno. "Kocha mpya, mfumo mpya." Au, "Siku hizi ni pointi tatu tu." Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanaiacha nje sehemu iliyo tamu zaidi. Ninavyouelewa mimi mchezo huu, mtindo wa timu ya chuo huzaliwa na mambo matatu yanayovutana: sheria za mwaka huo, wachezaji waliopatikana mwaka huo, na kile ambacho kocha yuko tayari kukiacha. Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Tuelewane kwanza kwa maneno

Mashabiki hutumia maneno matatu kana kwamba ni kitu kimoja, na nusu ya ubishi hutokana na hapo.

Mfumo ni kama sarufi ya lugha. Ni kanuni zinazowaambia wachezaji watano nani asimame wapi, nani amkimbilie nani, mpira ukienda upande huu wengine wafanye nini. Mtindo ni namna timu inavyosikika inapoizungumza lugha hiyo: kwa haraka au taratibu, kwa kelele au kwa utulivu. Timu mbili zinaweza kuwa na sarufi moja zikasikika tofauti kabisa, kama ndugu wawili waliolelewa nyumba moja. Mpango wa mchezo ni kitu kidogo zaidi: ni maneno yaliyochaguliwa kwa ajili ya mpinzani mmoja, usiku mmoja. Kocha akiweka watu wawili wamkabe nyota wa upande wa pili leo, hajabadili mfumo. Amechagua maneno ya leo.

Neno jingine tutakalolihitaji ni zamu. Zamu huanza timu inapoupata mpira na huisha inapoupoteza, iwe kwa kufunga, kwa kunyang'anywa au kwa mpira kutoka nje. Kwa kuwa timu hupokezana, mwisho wa mchezo zote mbili huwa zimepata zamu zinazokaribiana sana. Weka jambo hilo akilini, maana linavunja dhana iliyoenea kuliko zote: kwamba timu inayocheza kwa kasi ndiyo inayoshambulia vizuri.

Timu iliyofunga pointi 80 katika zamu 75 imepata takriban pointi 1.07 kwa kila zamu. Timu iliyofunga 72 katika zamu 62 imepata takriban 1.16. Ya pili ina pointi chache ubaoni, lakini ndiyo inayoujua mpira zaidi. Ukiongeza kasi humwachi mpinzani nyuma. Unamwongezea na yeye zamu. UConn ya 2024 ni ushahidi mzuri. Ilikuwa miongoni mwa timu zinazocheza taratibu katika ligi kuu ya vyuo, yenye timu zaidi ya 350, na bado shambulizi lake, likipimwa kwa pointi za kila zamu, lilikuwa bora kuliko la timu yoyote nchini humo.

Basi kasi ina kazi gani? Fikiria kurusha sarafu. Ukirusha mara tano, kupata vichwa vinne si ajabu. Ukirusha mara mia, kupata vichwa themanini ni muujiza. Timu yenye vipaji vikubwa hunufaika na zamu nyingi, kwa sababu bahati huchujwa na ubora hujitokeza. Timu dhaifu hunufaika na zamu chache. Pete Carril, kocha wa Princeton, alilijua hilo vizuri kuliko wengi. Mwaka 1996 vijana wake, kutoka chuo kisichotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, waliitoa UCLA iliyokuwa bingwa mtetezi kwa 43 kwa 41. Matokeo yale huonekana kama ya mchezo wa wavivu. Yalikuwa ya timu iliyozihesabu zamu zake moja moja na kukataa kutupa mpira mpaka mlango ufunguke.

Sheria hubadilika, na mchezo hufuata

Mtu anayedhani kwamba kila badiliko la mtindo lilianzia kichwani mwa kocha ajaribu kuangalia tarehe za sheria.

Zamani mchezo wa wanaume wa vyuo haukuwa na saa ya kuihimiza timu itupe mpira. Timu ikiongoza kwa pointi mbili, ingeweza kuukalia mpira hadi wapinzani wakate tamaa. Dean Smith wa North Carolina aliigeuza mbinu hiyo kuwa sanaa: wachezaji wanne kwenye pembe nne za nusu ya uwanja, na wa tano katikati akiucheza mpira huku muda unayoyoma. Fainali ya kanda ya ACC ya mwaka 1982 ilikuwa na Michael Jordan na James Worthy upande mmoja, Ralph Sampson wa Virginia upande wa pili. Watu walitarajia sherehe. Walichopata ni dakika kadhaa za kuutazama mpira ukipitishwa bila mtu kutupa, na matokeo ya 47 kwa 45. Mbinu haikuwa na kosa lolote, kwa maana Smith alishinda na mwaka huohuo akawa bingwa wa taifa. Ila haikuvumilika. Msimu wa 1985-86 ikaja saa ya sekunde 45 nchi nzima. Msimu wa 1993-94 zikapunguzwa hadi 35, na wa 2015-16 zikawa 30. Timu za wanawake zilikuwa na sekunde 30 miaka mingi kabla, jambo linalosahauliwa sana na wanaoandika historia ya mchezo huu.

Kila sekunde zilizopunguzwa ziliondoa aina fulani ya mpira. Pembe nne zilikufa bila kushindwa na mtu uwanjani.

Mstari wa pointi tatu, ambao mtupo wa kutoka nyuma yake huhesabiwa tatu badala ya mbili, uliingia kitaifa msimu wa 1986-87, ukiwa meta 6.02 kutoka kikapuni. Hapa kuna kisa ninachokipenda. Bob Knight wa Indiana hakuupenda mstari ule na hakuficha. Kwake mpira ulikuwa nidhamu, ulinzi wa mtu kwa mtu na kuzunguka bila mpira. Lakini alikuwa na Steve Alford, mtupaji wa ajabu, na mfumo wake wa kuzunguka ulikuwa tayari unamwacha Alford peke yake mbali na kikapu. Kwenye fainali ya 1987 dhidi ya Syracuse, Alford alitupa mitupo kumi ya pointi tatu akafunga saba, na Indiana wakashinda 74 kwa 73. Kocha aliyeipinga sheria alitwaa ubingwa kwa msaada wa sheria ileile, mwaka wake wa kwanza. Msimu huohuo Rick Pitino, aliyeupokea mstari kwa mikono miwili, aliifikisha Providence kwenye hatua ya timu nne za mwisho. Mmoja aligeuza timu nzima kuukimbilia mstari, mwingine aliendelea na lake na mstari ukamkuta njiani. Wote wawili walifika.

Baadaye mstari ulisogezwa hadi meta 6.32 mwaka 2008, na kwa wanaume hadi meta 6.75 mwaka 2019. Kuusogeza nyuma hakukufuta mitupo ya mbali. Kulipanua uwanja. Mlinzi anayelazimika kumfuata mtupaji hatua moja zaidi ameacha nafasi kubwa nyuma yake, kama chumba kilichotolewa samani: ghafla mtu anaweza kupita.

Hesabu yenyewe haina siri. Mtupaji anayefunga asilimia 35 ya pointi tatu hupata pointi 1.05 kwa kila mtupo. Anayefunga asilimia 40 ya mitupo ya pointi mbili kutoka umbali wa kati hupata 0.80. Anayefunga asilimia 60 akiwa chini kabisa ya kikapu hupata 1.20. Ukiziangalia namba hizo tatu utaelewa kwa nini timu za leo hutafuta kutupa kutoka mbali au karibu kabisa, na kuliacha eneo la katikati. Utaelewa pia kwa nini si kweli kwamba warefu wamepitwa na wakati. Mtupo wenye thamani kubwa kuliko yote bado uko chini ya kikapu, na anayeuzuia bado ni dhahabu. Kilichobadilika ni kwamba zamani wenzake walisimama karibu naye wakimpelekea mpira. Sasa husimama mbali ili wampe nafasi.

Samaki wa mwaka mmoja

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Makocha wa vyuo waliishi kwa msemo huo kwa vizazi. Kijana alifika akiwa na miaka 18, akakaa misimu minne, na kocha akamkunja polepole. Mwaka wa kwanza alijifunza kulinda, wa pili kutoa pasi, wa tatu kuongoza, wa nne kuwafundisha wadogo zake. Mfumo mgumu uliwezekana kwa sababu kila mwaka waliubeba watu waliokwisha kuujua.

John Wooden wa UCLA ndiye mfano unaotajwa kila mara, na kwa kawaida hutajwa vibaya. Watu humkumbuka kwa mataji kumi ndani ya miaka kumi na miwili, kuanzia 1964 hadi 1975, saba kati yake mfululizo, na hudhani alikuwa na fomula moja. Wanasahau kwamba alifika UCLA mwaka 1948 na alifundisha karibu miaka 16 kabla ya taji la kwanza. Taji hilo lilikuja na timu fupi, iliyoshinda michezo 30 bila kupoteza hata mmoja kwa kuwabana wapinzani uwanja mzima tangu mpira unapoingizwa, wazo ambalo msaidizi wake, Jerry Norman, alilisukuma sana. Miaka michache baadaye akampata Lew Alcindor, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Kareem Abdul-Jabbar, kijana wa zaidi ya meta 2.10. Wooden hakumlazimisha jitu lile liishi ndani ya mfumo wa wafupi. Aliupanga mpira upya kumzunguka. Kabla ya msimu wa pili wa Alcindor, sheria ikapiga marufuku kudunki, yaani kuutumbukiza mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu, marufuku iliyodumu hadi 1976, na bado walishinda. Alcindor alipohitimu, Wooden akaupanga tena.

Kilichobaki bila kubadilika kwa miaka yote hiyo kilikuwa mazoezi. Alipanga kila dakika kwenye vikadi vidogo. Aliwafundisha wachezaji wapya namna ya kuvaa soksi ili wasipate malengelenge. Mfumo wake ulibadilika. Ukali wake kwa mambo madogo haukubadilika. Ndiyo maana swali la "mfumo wa Wooden ulikuwa upi" halina jibu moja.

Utaratibu wa samaki mbichi ulianza kuvunjika taratibu. Sheria ya NBA iliyoanza kutumika kwenye drafti ya 2006 ilimtaka mchezaji awe na miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake lilipomaliza sekondari. Vijana ambao wangeruka moja kwa moja wakaja chuoni kwa msimu mmoja tu. Mike Krzyzewski wa Duke anaonyesha kilichofuata. Mwaka 2010 alitwaa ubingwa na timu ya wakongwe wa mwaka wa tatu na wa nne. Mwaka 2015 akatwaa tena, safari hii wachezaji wa mwaka wa kwanza wakifunga pointi 60 kati ya 68 za Duke kwenye fainali dhidi ya Wisconsin. Kocha aliyejulikana kwa ulinzi wa mtu kwa mtu alianza katikati ya msimu ule kutumia zoni, yaani kila mchezaji kulinda eneo badala ya kumfuata mtu. Sababu ni rahisi kuielewa: ulinzi wa mtu kwa mtu unaofanya kazi vizuri huchukua miaka kufundishwa, na hakuwa na miaka. Alikuwa na miezi.

Kisha mambo matatu yakaja karibu kwa pamoja. Mwezi Aprili 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na kufikia 2024 kikomo hicho cha mara moja kikaondolewa. Tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Mwezi Juni 2025 mahakama ikaidhinisha maridhiano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo wake, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, kwa michezo yote kwa jumla. Mimi nafurahi kwamba vijana wanalipwa. Walizalisha fedha nyingi mno kwa muda mrefu mno bila kuonja. Lakini ukweli mmoja lazima usemwe: kocha wa leo anaweza kuamka mwezi Aprili akiwa na wachezaji wanne tu, na ifikapo Novemba awe na timu kamili ya watu wasiojuana.

Hali hii imezaa dhana mpya, kwamba kufundisha kumekwisha na kilichobaki ni kununua. Angalia mabingwa wa 2025, Florida ya Todd Golden. Walter Clayton Jr. alitokea Iona, Alijah Martin alitokea Florida Atlantic, Will Richard alitokea Belmont. Wote watatu walihama. Hakuna hata kimoja kati ya vyuo hivyo kinachohesabiwa miongoni mwa vigogo, na walikouzwa si mnada wa majina makubwa. Mtu aliwatazama akaona kitu kinachoingia kwenye mchezo wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji lazima ajue kwanza anaumwa wapi.

Kocha anayekubali kuacha

Nilisema jambo la tatu ndilo gumu. Usiku wa tarehe 16 Machi 2018 ulimwonyesha Tony Bennett wa Virginia jinsi lilivyo gumu.

Bennett alirithi ulinzi kutoka kwa baba yake, Dick Bennett. Wazo lake ni kwamba mmoja humbana mwenye mpira na wanne waliobaki hurudi ndani, wakijipanga kama ngumi iliyofungwa, ili asiwepo anayeweza kupenya hadi kikapuni. Unampa mpinzani mitupo ya mbali yenye mtu anayemkimbilia usoni, na unamnyima vyote vya karibu. Virginia walicheza taratibu kuliko karibu kila mtu, na waliingia mashindano ya taifa ya 2018 wakiwa wamepangwa namba moja, nafasi ya timu zinazopewa matumaini makubwa kuliko zote. Wakakutana na UMBC, chuo kilichopangwa namba 16, nafasi ya chini kabisa. Hadi usiku ule, katika historia ya mashindano ya wanaume hakuna namba 16 aliyekuwa amewahi kumshinda namba moja. Virginia walipigwa 74 kwa 54.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na dawa. Wengi walisema ulinzi ule ni wa kale na mwendo ule wa taratibu ni kujichongea kaburi. Kwa sehemu walikuwa sahihi, kwa sababu ileile ya sarafu: timu bora inayocheza zamu chache humpa mnyonge nafasi. Ilikuwa pia kweli kwamba De'Andre Hunter, mmoja wa wachezaji wao bora, alikuwa amevunjika kifundo cha mkono siku chache kabla.

Bennett hakuutupa ulinzi. Hakuongeza hata kasi. Alichokifanya ni kuligusa shambulizi. Mfumo wake wa zamani uliwaweka warefu wawili kama nguzo, wakiwazuilia njia walinzi huku wenzao watatu wakizunguka kutafuta nafasi. Msimu uliofuata aliongeza kwa wingi kitu kingine: mrefu kwenda kumsimamia mlinzi wa mwenye mpira mwenyewe, ili Ty Jerome, Kyle Guy na Hunter waamue papo hapo kutupa, kutoa pasi au kupenya. Aliwapa vijana wake uhuru ambao awali aliubana. Mwezi Aprili 2019 Virginia walikuwa mabingwa, wakiifunga Texas Tech 85 kwa 77 baada ya muda wa nyongeza. Ndani ya miezi kumi na mitatu, mtu aliyedhalilishwa kuliko kocha yeyote wa mashindano hayo alishika kombe akiwa na mwendo uleule na ulinzi uleule.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kocha akibadilika amepoteza utambulisho wake. Bennett alitenganisha kile alichokiamini na kile alichokizoea. Vitu hivyo viwili hukaa pamoja kwa muda mrefu mpaka mtu mwenyewe hawezi kuviona kama viwili, na kwa kawaida ni kipigo tu kinachovitenganisha. Bennett huyohuyo alistaafu ghafla Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu, akieleza kwamba mazingira mapya ya uhamisho na fedha hayamfai mtu wa aina yake. Alijua pia mpaka wa kubadilika kwake ulipo. Siwezi kumlaumu.

Turudi Connecticut

Sasa tunaweza kulijibu swali la mashabiki wa Thabeet. Jim Calhoun aliichukua UConn mwaka 1986 na kuipa sura iliyodumu hadi 2012: kuzuia mitupo, kunyakua mpira na kukimbia kabla wapinzani hawajajipanga. Hata hivyo mataji yake matatu hayafanani. La 2004 lilikuwa na Emeka Okafor, mrefu mwenye mikono kama paa la nyumba. La 2011 lilibebwa mgongoni na Kemba Walker, mfupi mwenye mpira, katika mwezi ambao UConn walishinda michezo kumi na mmoja mfululizo ya mtoano. Calhoun mmoja, mitindo miwili, kwa sababu watu walikuwa wawili.

Dan Hurley alifika 2018 baada ya miaka mibaya. Msimu wa kwanza alishinda 16 na kupoteza 17. Timu zake za mwanzo zililinda kwa hasira na kugombea kila mpira unaorudi kutoka kikapuni, lakini shambulizi lilikwama mchezo ulipobana. Alitolewa raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa 2021, akatolewa tena raundi ya kwanza 2022, na New Mexico State, 70 kwa 63. Baada ya kipigo kile alikaa na wasaidizi wake, akiwemo Luke Murray, mwanafunzi mkubwa wa mpira wa Ulaya, wakaujenga mchezo wa kushambulia karibu upya. Wakasajili watupaji. Wakamweka Alex Karaban, mrefu anayetupa kutoka mbali, mahali ambapo zamani angesimama mtu wa kugombana chini ya kikapu. Ukali wa ulinzi na ugomvi wa mpira unaorudi ukabaki vilevile. Mwaka 2023 na 2024 walishinda michezo kumi na miwili ya mashindano ya taifa, yote kwa tofauti ya pointi zaidi ya kumi.

Fainali ya 2024 ndiyo somo zima ndani ya dakika arobaini. Purdue walikuwa na Zach Edey, mwenye meta 2.24, aliyezungukwa na watupaji bora wa pointi tatu. Timu nyingi zilimwekea Edey watu wawili na kuadhibiwa na watupaji walioachwa peke yao. Hurley alimwacha Donovan Clingan amkabe Edey karibu peke yake, na wanne waliobaki wakagandana na watupaji. Edey alifunga pointi 37. Purdue nzima ilitupa mitupo saba tu ya pointi tatu na kufunga mmoja. UConn 75, Purdue 60. Kazi ya Clingan usiku ule ingemfaa Thabeet kabisa. Kilichokuwa kipya ni hesabu iliyomfanya kocha akubali kufungwa pointi 37 na mtu mmoja bila kutetereka.

Kisha Clingan, Stephon Castle, Tristen Newton na Cam Spencer wakaondoka kwenda NBA kwa mpigo. Hurley alibaki na mfumo uleule, michoro ileile, sauti ileile ya kufoka pembeni mwa uwanja. Karaban aliyekuwa akiijua sarufi yote alikuwepo, lakini wengi waliomzunguka walikuwa bado wanajifunza kutamka. Novemba 2024 walipoteza michezo mitatu mfululizo kule Maui. Machi 2025 walikutana na Florida katika raundi ya pili, wakaongoza sehemu kubwa ya kipindi cha pili, hadi Clayton, yule aliyetokea Iona, alipotupa mitupo miwili ya mbali kuelekea mwisho. Florida 77, UConn 75.